PC haiwaki baada ya kuapdeti BIOS: uchomoe betri, utumie flashi, programa au ununue mazabodi?

Jumamosi ile LUKU ilikua imebaki yuniti mbili na pointi na nilikua najua, mita ilishaanza kupiga kelele toka asubuhi, ila nikasema ngoja nimalize hii apdeti ya BIOS (ile programu ya kwenye chipu ya mazabodi inayoiamsha mashine kabla ya Windows) alafu ndo ninunue umeme. Ni deskitopu ya steshenari, ileile inayochapa mitihani ya shule mbili za jirani na kutengeneza picha za pasipoti. Imefika asilimia 60 na kitu, kimya. Nikanunua umeme kwa simu, nikaingiza zile namba 20, ukarudi, nikabonyeza batani. Feni zinazunguka, taa ya mbele inawaka, kioo cheusi tii. Mteja kasimama hapo na fomu yake mkononi, "kaka, bado tu?"

Bado. Ilikaa bado siku tatu. Katika hizo siku tatu nimepita karibu kila njia, nyingine kwa mpangilio mbovu kabisa, na mwezi uliofuata laptop ya mdogo wangu nayo ikafanya yaleyale kwaiyo nikapata na upande wa laptop. Naziweka hapa zikiwa zimelinganishwa ili mwenzangu ujue uanze na ipi na ipi uiache mpaka mwisho.

Kwanza angalia imekufa kifo gani, maana hapa ndo watu wanatupa hela. Kama logo inatokea, au ukibonyeza Delete au F2 unaingia kwenye menyu, basi BIOS yako ni nzima, achana na flashi na programa (kidude cha kuandika chipu ya BIOS, tutakifikia). Kilichotokea ni kwamba apdeti imerudisha setingi zote kama zilivyotoka kiwandani na Windows yako ilikua imezoea zile za zamani. Mtu atakwambia piga Windows upya. Sasa pima mwenyewe: kupiga Windows upya ni nusu siku pamoja na kutafuta draiva za printa, na vilivyokua kwenye C vinaweza kwenda na maji, wakati kurudisha setingi ni dakika tano. Angalia SATA, yaani namna BIOS inavyoongea na diski, kama mashine ilikua kwenye RAID alafu apdeti ikaiweka AHCI, au kinyume chake, Windows itaanza kuwaka kisha inakutupia kioo cha bluu kimeandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, rudisha ilivyokua inawaka palepale. Angalia CSM, setingi inayoruhusu kubuti kizamani, diski iliyopigwa Windows kwa mtindo wa zamani wa MBR haibuti CSM ikizimwa, BIOS itakwambia hamna kifaa cha kubutia wakati diski ipo na ni nzima. Na angalia mpangilio wa kubuti, wakati mwingine imeweka flashi au netiweki mbele ya diski, basi.

Kuna kile kioo cha bluu kingine kinachoomba namba yenye tarakimu 48. Sio virusi na sio matapeli, ni BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, imeona BIOS imebadilika ikahisi mashine imeibiwa. Namba zake mara nyingi zimehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha hiyo laptop, ingia kwa simu uzikopi. Laptop ya kazini basi kwa mtu wa IT wa ofisi. Usikubali fundi afomati kabla hujaitafuta hiyo namba, ukishafomati hata ukija kuipata haina cha kufungua.

Kifo cha pili ni cha uongo. Kioo cheusi, feni zinaunguruma, mashine inazima na kujiwasha yenyewe mara mbili tatu, wewe roho iko juu. Mashine mpya zenye ramu za DDR5, hasa zile za AMD zenye soketi ya AM5, baada ya BIOS kubadilika zinakaa zinaipima ramu upya na hiyo inaweza kula dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi muda wote. Laptop nazo zinajiristati zenyewe katikati ya apdeti. Hapa kuna njia mbili, kusubiri na kuchomoa waya, na hakuna cha kulinganisha, subiri. Nenda kale. Mi naipa nusu saa nzima ndo naanza kuita msiba, maana wapo waliozima mashine iliyokua inaendelea vizuri wakaiua wenyewe kwa mikono yao.

Nusu saa imepita na hamna kitu, sasa tuongee.

Kuchomoa betri au kutumia jampa. Ni kitu kimoja, vyote vinafuta setingi zilizohifadhiwa. Jampa ni zile pini mbili zimeandikwa CLR_CMOS au JBAT pembeni ya mazabodi, unazigusanisha kwa ncha ya bisibisi sekunde chache wakati waya wa umeme umechomolewa ukutani. Ni haraka kuliko betri ila inabidi uzione, na kwenye boksi lenye vumbi la miaka minne huzioni. Betri ni ile ya mviringo CR2032, unachomoa waya wa umeme, unatoa betri, unabonyeza batani ya kuwashia mara kadhaa kumaliza umeme uliobaki ndani, unasubiri robo saa, unarudisha. Kwenye deskitopu mi napenda betri kwa sababu huwezi kukosea pini. Kwenye laptop ni kazi zaidi, inabidi ufungue kifuniko cha chini na uchomoe betri kubwa kwanza, na nyingine hazina hiyo betri ndogo kabisa.

Ila jua inatibu nini. Inafuta setingi, haigusi programu ya BIOS yenyewe. Kama apdeti ilimalizika vizuri lakini mashine haiwaki, labda ramu ilikua imeongezewa kasi na toleo jipya haliipendi hiyo kasi, betri itakutoa. Hapohapo chomoa na ramu ubakize kipande kimoja, jaribu kila tundu. Lakini kama umeme ulikatika katikati kama wangu, programu ni nusu, unaweza kuchomoa betri mpaka Idi na haitasaidia. Mi nilichomoa mara sita. Mara ya sita nilishajua ni ujinga ila mikono ilikua inataka kazi.

Njia inayofuata ndo tamu kuliko zote kama mazabodi yako inayo, batani ya kuflashi, yaani kuandika BIOS upya kutoka kwenye flashi, bila kuwasha mashine. ASUS wanaita BIOS FlashBack, MSI wanaita Flash BIOS Button, Gigabyte wanaita Q-Flash Plus. Angalia nyuma pale panapochomekwa USB, kuna tundu moja limezungushiwa rangi au limeandikwa, na kabatani kadogo karibu yake. Kwenye mazabodi zenye hiyo kitu haihitaji hata prosesa wala ramu iwepo, inataka umeme wa powasaplai na flashi tu. Jirani yangu anayechezesha gemu alifufua ya kwake hivi bila kufungua hata skrubu.

Inashindikana kwa vitu vidogo vidogo. Flashi ifomatiwe FAT32, ukiacha exFAT haisomwi. Faili liwe la mazabodi yako kamili mpaka namba ya toleo la bodi, Gigabyte kwa mfano bodi yenye jina lilelile inaweza kua rev 1.0 na rev nyingine na faili zake haziingiliani, namba imechapwa kwenye kona ya bodi yenyewe. Jina la faili libadilishwe, MSI wanataka MSI.ROM, Gigabyte wanataka GIGABYTE.bin, ASUS wanaweka kiprogramu cha BIOSRenamer ndani ya zip kinakubadilishia. Ukiona taa inapepesa, nzuri, inaandika, usiguse. Ikipepesa mara tatu tu alafu ikaganda, haijalipenda faili au flashi, badilisha flashi, chukua ya zamani ndogo ya GB 8 au 16, hizi kubwa za kisasa zinasumbua. Na usiku wa kuamkia hiyo kazi hakikisha una yuniti, mi nimeshasema.

Faida yake nyingine ni kurudi nyuma. Sio kila mashine inayokufa imekatikiwa umeme. Kuna bodi za MSI za B450 ambazo chipu yake ya BIOS ina MB 16 tu, na ili zipate nafasi ya prosesa mpya za Ryzen, matoleo ya mbele yaliondoa prosesa za zamani za A-series. Mtu ana prosesa yake ya A6 anaapdeti ili ajiandae kununua Ryzen, kesho asubuhi bodi haimtambui tena. Hapo BIOS haijaharibika, imemsahau tu. Kwa batani unarudisha toleo la zamani, bila batani unaanza kuazima prosesa kwa watu.

Bodi za zamani zisizo na batani usizikatie tamaa haraka. Gigabyte nyingi za miaka ya nyuma zina DualBIOS, chipu mbili, ya kwanza ikiharibika ya pili inajikopi kwenye ya kwanza, wakati mwingine unasubiri tu. ASUS za zamani zina CrashFree, unaweka faili kwenye flashi alafu unawasha. Yangu haikua na chochote, ilikua bodi ya bei ya chini kabisa, na ukinunua bodi ya bei ya chini hicho ndo unachopunguziwa.

Upande wa laptop, batani hamna, kuna mikato ya kibodi. HP unaizima kabisa, unachomeka chaja, unashikilia Windows na B, ukiwa umezishikilia unabonyeza batani ya kuwashia sekunde mbili tatu unaiachia, zile mbili unaendelea kuzishikilia mpaka usikie bipu au uone kitu. Windows na V ni nyingine, hiyo inafuta setingi tu. Dell unachomoa chaja, unashikilia Ctrl na Esc, alafu unachomeka chaja ukiwa bado umeshikilia mpaka menyu ya kuokoa itokee.

Hapa kuna jambo linawapiga watu. HP huwa inaweka nakala ya BIOS kwenye diski ya ndani, na hiyo nakala ndo inayotafutwa ukishikilia hivyo vitufe. Kama ulishabadilisha diski ukaweka SSD mpya, au fundi alifuta kila sehemu alipopiga Windows, nakala haipo na utashika vitufe mpaka vidole vife ganzi. Inabidi utengeneze flashi kwenye laptop nyingine, faili la BIOS la HP lenyewe ukilifungua linakuuliza kama unataka kutengeneza flashi ya kuokolea. Ya mdogo wangu ndo ilikua ya aina hii, imekaa wiki nzima taa ya Caps Lock inapepesa, anajua imekufa, tulipoweka flashi na kushika vitufe ikapiga bipu moja kali na mstari ukaanza kutembea kwenye kioo. Akapiga kelele mpaka mama akatoka jikoni.

Kwaiyo kati ya betri, batani na vitufe huna cha kupoteza, ni bure na hakuna inayoharibu kingine. Kuanzia hapa chini ndo unaanza kulipa.

Programa. Ni kile kidude cheusi cha USB kinaitwa CH341A na klipu yake ya meno manane, unabana moja kwa moja kwenye chipu ya BIOS na kuiandika kutoka kompyuta nyingine. Swali la watu ni je ninunue changu au nipeleke kwa fundi. Kidude chenyewe ni rahisi sana, ndo maana kinavutia. Lakini vile vyeusi vya kawaida vina kasoro inayojulikana, vinapeleka volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu nyingi za BIOS ni za volti 3.3, wengi wanatumia hivyohivyo na chipu inapona, wengine wanaunguza. Na laptop nyingi za karibuni chipu yake ni ya volti 1.8, hapo bila adapta yake unaua moja kwa moja. Soma namba juu ya chipu kabla ya kubana kitu chochote. Kama una mashine moja tu na hujawahi kufanya, peleka kwa fundi. Kama una steshenari au intaneti kafe yenye mashine kumi, nunua.

Ila fundi gani. Wa kwanza niliyempelekea alichomeka umeme, akasikiliza, akasema "bosi hii mazabodi imekufa, tafuta nyingine", hakuchukua hata dakika mbili. Wa pili, kijana mdogo tu Kariakoo, aliuliza "ilizima ikifanya nini?" Nikamwambia. Akacheka, "kaka niachie nusu saa". Akavaa miwani ya kukuzia, akatafuta chipu, akaangalia kale kadoti kanakoonyesha pini namba moja, akabana klipu waya mwekundu ukiwa upande wa kadoti. Akasoma chipu, akahifadhi faili. Akasoma tena, akalinganisha hayo mafaili mawili, hayafanani. Akasafisha miguu ya chipu kwa mswaki na spiriti, akabana upya, akasoma mara mbili, safari hii yanafanana. Ndo akafungua faili langu upande mmoja wa kioo na lile la BIOS mpya tulilolishusha upande wa pili, akashuka chini na mausi. Juu vyote vinafanana. Katikati langu lina FF FF FF FF mistari na mistari, yaani patupu, wakati lenzake limejaa, na chini ya hapo langu linaendelea na maandishi mengine kabisa. "Umeona? Kichwa toleo jipya, kiwiliwili la zamani, hapa kwenye FF ndo LUKU ilipoisha."

Huyo ndo wa kumtafuta. Swali la kumuuliza fundi ni moja, "utaisoma kwanza na kuhifadhi iliyopo?" Akisema haina haja, chukua mashine yako uondoke. Ndani ya ile chipu hamna programu ya BIOS peke yake, kuna serial namba ya mashine, kuna anwani ya MAC ya netiweki, na laptop nyingi kuna mpaka ufunguo wa Windows. Fundi mvivu anachukua faili kamili la mashine ya mtu mwingine analimwaga juu, mashine inawaka mnafurahi, kumbe umeshakua na namba ya mtu mwingine. Na za Intel kuna sehemu inaitwa ME, ikiharibika mashine inawaka vizuri inafanya kazi alafu inajizima kila baada ya dakika 30, utabadilisha powasaplai na ramu ukitafuta mchawi. Anayejua kazi anabadilisha sehemu ya BIOS tu na vya kwako anavirudisha. Na anajua kwamba faili la kampuni sio la kumwaga hivihivi, la ASUS lenye mwisho wa CAP kwa mfano lina kichwa mbele, mara nyingi cha baiti 2048, cha kukata kwanza, na yale ya exe yanahitaji kufunguliwa.

Kati ya klipu na kubandua chipu kwa hewa ya moto, anza na klipu siku zote. Tatizo la klipu ni kwamba umeme wa kidude unavuja kwenda kuwasha vitu vingine vya kwenye bodi na chipu haisomeki au inasomeka tofauti kila mara, ikigoma kabisa ndo ibanduliwe. Fundi akianza na hewa ya moto kabla hajajaribu klipu, angalia plastiki za soketi za jirani, zikilegea hiyo ni hasara ya pili. Bodi za deskitopu za zamani zina bahati, chipu imekaa kwenye soketi unaichomoa kwa mkono, hizo unaweza hata kununua chipu iliyokwisha andikwa ukaichomeka.

Mazabodi nyingine ndo ya mwisho, na kwa tatizo la BIOS peke yake karibu kila mara ni hela ya kutupa. Kwenye laptop usifikirie kabisa mpaka programa imeshindwa. Kwenye deskitopu ya zamani inaweza kua na maana kama bodi yenyewe ina mambo mengine, tundu la ramu limekufa au USB za nyuma hazifanyi kazi, na umepata ya mtumba kwa bei ya kueleweka. Lakini usinunue kwa kuangalia soketi tu. LGA1151 ipo ya kizazi cha 6 na 7 na ipo ya kizazi cha 8 na 9, prosesa inaingia vizuri na haiwaki, na muuzaji atakwambia ilikua nzima ulipoichukua. Nenda na prosesa yako mfukoni, iwashwe mbele yako. Na Windows inaweza kukudai uiaktivishe upya.

Yangu ilirudi steshenari Jumanne mchana. Fundi alinipa na flashi yenye mafaili mawili, moja ameliandika "nzima" na lingine "LUKU".